Simuleta ya pambano, awamu ya 3: Substitute yaanza kutii kanuni

Kanuni zinazofuatwa na simuleta hii ni za michezo ya video ya Pokémon kuanzia kizazi cha 6 (2013). Foleni ya zamu (nani anacheza kwanza) imekaa sawa, baada ya kuvurugwa na Trick Room, inayowatanguliza wenye kasi ndogo. Msimbo ulikuwa unaigeuza foleni yote juu chini, hivyo Protect (kinga ya zamu moja) yenye kipaumbele +4 ikawa inachezwa baada ya pigo lililotakiwa kuzuiwa. Panga kwa kipaumbele kwanza, halafu kwa kasi. Trick Room inageuza kasi tu, kwa zamu 5.

Kazi kubwa ilikuwa Substitute, inayotengeneza kikaragosi cha kupokea mapigo badala ya kiumbe. Inakata robo ya HP (pointi za uhai) kamili, desimali zinatupwa, na inakubali tu kama HP zilizobaki zinazidi gharama. Zikilingana, inagoma. Ukiandika "kubwa au sawa" kiumbe anajiua kwa kutengeneza kikaragosi. Jaribio zuri ni HP 404 na 405. Wote wawili wanalipa 101, lakini wa 404 anaishia vikaragosi 3 (101 zinabaki, hazitoshi), wa 405 anapata 4 na kubaki na HP 1. Na hiyo 101 ina faida yake: Seismic Toss ya leveli 100 hupiga 100 kamili, kwa hiyo kikaragosi kinabaki kimesimama. HP 403 ingetoa cha 100, nacho kingevunjika.

Focus Punch, pigo la ngumi, ndiyo iliyofichua kosa baya zaidi. Ina kipaumbele −3 na hushindwa kama mtumiaji ameumizwa kabla ya kuitoa. Alama ya "amepigwa" ilikuwa inawashwa pale hesabu ya madhara inapomalizika, kabla ya kujua nani kayapokea. Sasa inawashwa baada ya HP za kiumbe mwenyewe kupungua, kwa hiyo kikaragosi kikipokea pigo, ngumi inatoka. Mapigo ya sauti, kama Hyper Voice, yanapita kikaragosi na kumfikia mwenyewe, na hapo ngumi inapotea. Counter (kipaumbele −5), inayomrudishia mpinzani pigo lake, inasoma alama hiyohiyo: kikaragosi kikila pigo, hakuna cha kurudisha. Kosa moja, mapigo mawili yamepona.

Leech Seed, mbegu inayomnyonya mpinzani HP, haikuhitaji mengi. Kikaragosi kikitangulia, mbegu haipandwi. Mbegu ikitangulia, inaendelea kunyonya 1/8 kila mwisho wa zamu hata kikaragosi kikiwa kimesimama. Ukaguzi uwekwe kwenye kupanda tu, usiwekwe kwenye kunyonya.

Inayofuata ni Protect. Ikirudiwa mfululizo nafasi hugawanywa kwa 3 kila mara: 1/3, kisha 1/9. Pia hushindwa kama mtumiaji ndiye wa mwisho kucheza zamu hiyo, kwa hiyo wawili wakiitumia pamoja, ya mwenye kasi ndogo inabuma. Kwa sasa simuleta inawalinda wote wawili.