Ngalawa iliyoelea kati ya shoti mbili

Kundi letu la zoezi la filamu chuoni lilikuwa la watu watano, na mimi nikapewa kusimamia mwendelezo, yaani kuhakikisha vitu vinabaki vile vile kutoka shoti moja (kipande cha picha kisichokatwa) hadi nyingine. Wenzangu waliiona ni kazi ya kushika daftari tu. Leo wote wanakubali kuwa bila ya daftari lile tusingekuwa na filamu.

Zoezi lenyewe fupi: mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi mbele ya mwenzake, wasemezane maneno mawili matatu. Mwalimu alitaka kuona kitendo kinaanza shoti moja na kumalizika nyingine bila ya kuruka, na kamera isivuke mstari wa nyuzi 180, ule wa kufikirika unaounganisha wasemaji wawili. Sisi tukaongeza letu. Kijana anatoka pwani ya Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, na pakacha la samaki, anakwenda kwa ami yake Mkunazini kumwomba radhi.

Mmoja aliyetutangulia chuoni alitwambia tusijisumbue. Pigeni tu, mengine mtarekebisha kwenye kuhariri. Tukamwamini, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ukumbini ami alikaa kushoto anatazama kulia, kijana yuko kulia anatazama kushoto. Ukivuta mstari kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo mpaka mazungumzo yaishe. Tulianza vizuri. Ilipofika zamu ya ami, dirisha lilikuwa nyuma yake na uso ukatoka mweusi, basi mpiga kamera akazungukia upande wa pili apate mwanga. Picha ikatoka nzuri mno. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi mwenye daftari.

Usiku kwenye kompyuta tukaona msiba. Wote wawili wanatazama kushoto, kama abiria waliokaa benchi moja wanangoja daladala. Ami anasema "karibu mwanangu" na haonekani anamwambia nani. Tukaukumbuka ushauri, tukaigeuza picha kama inavyogeuka kwenye kioo, ili ami arudi kutazama kulia. Akatazama kulia kweli. Lakini kalenda ya ukutani nyuma yake ikasomeka kinyumenyume, na ami, mtu mzima mwenye kanzu na kofia, akawa anakunywa kahawa kwa mkono wa kushoto! Nilimwonesha mama shoti ile bila ya kumweleza chochote. Kitu cha kwanza alichouliza: "Huyu mzee hakufunzwa adabu?" Tukaifuta.

Tuliporudi ukumbini kupiga upya nilikwenda na mshipi wa kuvulia. Nikaulaza sakafuni kutoka kiti hadi kiti, ukapita ukumbi mzima hadi ukutani, nikaubana kwa mawe, nikasema hakuna mguu wa kamera utakaouruka. Uso wa ami tukauponya kwa shuka jeupe lililoshikwa karibu na kamera, likamrudishia mwanga wa dirisha. Shuka la nyumbani, halikugharimu kitu. Pesa zilikwenda kwenye nauli, kahawa na kashata, sidhani kama zilivuka elfu thelathini kwa sote. Kashata nunueni nyingi, kwa sababu kila mkirudia shoti lazima iwepo nyingine iliyong'atwa pale pale. Kikombe nacho nilikijaza upya kila mara hadi alama niliyoipiga picha.

Mlango haukututesa. Nje ni nyumba ya Shangani yenye mlango wa kuchonga, ndani ni ukumbi wetu wa Mkunazini. Kijana alisukuma kwa mkono wa kulia kote kuwili, pakacha likiwa kushoto, tukakata mkono ukiwa katikati ya kusukuma. Jicho la mtazamaji linaufuata mkono, nyumba haliiangalii.

Kazi ilikuwa pwani. Shoti pana tuliipiga asubuhi, maji yamekupwa, ngalawa imelala mchangani na kijana anashuka kutoka ndani yake, pakacha mkononi. Klozapu, yaani picha za karibu, zikabaki. Tulishaambiwa kuwa ukirudi saa ile ile utakuta mwanga ule ule, basi baada ya siku tano tukarudi saa ile ile. Jua lilikuwa pale pale, kivuli cha kijana kilikuwa pale pale. Bahari ilikuwa imejaa na ngalawa inaelea! Nilizitazama shoti mbili kwenye simu nikataka kulia: mguu unainuka mchangani, unatua majini.

Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akatuita. Tukamwamkia, tukamweleza. Akasema, "Wanangu, siku ile lilikuwa bamvua, leo maji mafu. Ngojeni bamvua la mwezi mpevu." Bamvua ni siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji mafu ni siku yanapojaa na kupwa kidogo. Na mimi nimezaliwa kisiwani hapa! Najua kuwa maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo baada ya siku tano yameshachelewa zaidi ya saa nne. Najua pia kuwa baada ya wiki mbili hivi yanarudi karibu na saa zile zile, na kwenye bamvua hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne. Nilijua yote hayo na sikuyaandika daftarini, nilikuwa nahesabu vifungo vya shati.

Tukamwomba mwalimu muda, akatupa. Nikahesabu siku 14 tangu ile ya kwanza. Asubuhi hiyo tulifika mapema tukakaa kuyatazama maji yakiondoka kidogo kidogo, mpaka mchanga ukatoka kwenye mstari ule ule wa picha yangu, jiwe la kushoto likiwa wazi, lile dogo likiwa nusu majini. Tukapiga klozapu zote kwa muda usiofika nusu saa.

Filamu ilipokamilika niliipeleka Malindi kwenye simu. Yule mzee akaitazama mara mbili, ya pili ameisogeza simu karibu kabisa na macho. Akaniuliza, "Na ile siku ya pili mmeitia wapi?"