Oili ya 90

"Tuweke 90 au 140, mzee?" fundi aliniuliza Jumanne, miguu yake ikiwa nje na kichwa chini ya Hiace yangu. Sikumjibu. Alikuwa amefungua nati ya difu (gia za ekseli ya nyuma), oili chakavu inashuka kwenye beseni, na harufu yake ilinifika kabla ya swali. Asiyeijua sijui nimwelezeje. Kiberiti, yai viza, kitunguu kilichosahaulika nyuma ya kabati. Mafundi husema ni dawa inayotiwa humo ili meno ya gia yasilane. Kwangu mimi ni harufu ya Walukuba, Jinja, Uganda, mwaka 2006, na ya jambo nililomfanyia kaka yangu, ambalo mpaka leo anasimulia kama kazi ya mikono yake.

Mwaka ule ziwa Viktoria lilikuwa limeshuka, na umeme ulikuwa wa zamu: leo upo, kesho giza. Watu wa Jinja tulichekwa sana. Jamaa wa Kampala walikuwa wanatuuliza, bwawa la umeme liko puani kwenu na nyinyi mnawasha tadoba? Tadoba ndiyo kibatari, kwa wasomaji wangu wa pwani. Basi betri ya kigari chetu cha kuchezea, cha rimoti, ilichajiwa siku ya umeme na kuchezewa siku ya giza, dakika 10 hivi, ukibahatika 15, kisha mnakaa mnakitazama kama maiti hadi kesho yake.

Kigari chenyewe alikileta baba mdogo, kimeshatumika, bodi imepasuka puani na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Ilikuwa Hornet ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya vigari vya kuchezea, ule mtindo uliotoka Japani mwaka 1984 na kurudishwa sokoni mwaka 2004. Gari la moja kwa kumi, yaani sehemu ya kumi ya gari la kweli, linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mota ya saizi 540, betri ya volti 7.2 inayoingia kwa mlango wa tumboni. Tairi za nyuma zina miiba kama nanasi. Spidi zake hazikupanda taratibu, zilipanda kwa ngazi, na kile kipande cha kupunguza umeme kilipata moto kiasi cha kuunguza kidole. Nina alama.

Kaka alikuwa na miaka 17, mimi 12. Yeye fundi, mimi msaidizi, maana yake mimi ndiye niliyekuwa naosha vumbi la maramu kwa mswaki kila jioni. Sikatai, alikuwa na akili ya mikono. Zile bushi za plastiki kwenye magurudumu alizisugua kwa dawa ya meno mpaka gurudumu ukilizungusha kwa kidole linaenda, linaenda, unasahau. Alikata sponji kwenye kona ya godoro (godoro langu, si lake) akajaza ndani ya tairi za nyuma zisilale kwenye kona. Pua ilikuwa nyepesi, ukikanyaga moto gari linakataa kukunja, linakwenda moja kwa moja kama mbuzi aliyekata kamba. Akashuka Masese kwa wavuvi, akarudi na risasi nne za nyavu, akazifunga mbele kwa waya. Gari likaanza kusikia.

Kitu kimoja kilimshinda. Shokapu mbili za nyuma zilikuwa za oili, na oili yake ya asili, ile nyeupe ya silikoni, ilikuwa imevuja zamani kabla halijafika kwetu. Kaka akajaza oili ya cherehani ya mama. Sasa oili ya cherehani ni kama maji, inapita kwenye vitundu vya pistoni bila hata kubisha hodi. Na kigari chetu nyuma kilikuwa na ekseli moja nzima, gia na mota vikining'inia humo humo, uzito wote huo ukiruka na kushuka pamoja. Kikipita kwenye tuta kilidunda mara tatu, mara nne, matako juu, kama anayecheza ngoma ya harusi. Kaka alilaumu springi. Akazikaza. Kikadunda zaidi.

Halafu ikatangazwa mbio. "Ikatangazwa" ni neno kubwa, tulikuwa na magari manne tu mji mzima, kwa kadiri tulivyojua: letu, mawili ya vijana wawili wa Kihindi wa mjini, na moja la kijana ambaye baba yake alikuwa injinia. Mizunguko 10, kreti la soda. Kaka alikuwa ameniahidi, mbele ya mama, kwamba raundi za majaribio nitashika rimoti mimi. Siku mbili kabla akaleta rafiki yake wa kidato cha nne, akampa rimoti. Nilipouliza aliniambia, bila hata kuinua macho, "Wewe mdogo wangu kazi yako mswaki."

Nisingeudhika sana lau angecheka. Hakucheka.

Kesho yake, kutoka shule, nilipita gereji ya kando ya barabara nikiwa na chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamwambia makanika nataka oili ya baiskeli. Akanimiminia 90, nzito, ya rangi ya asali ya msituni. Hesabu yangu ya utotoni ilikuwa hivi: oili nyepesi inafanya shokapu iwe laini, kwa hiyo nzito kama hii itaifanya iwe gogo. Gari likigonga tuta litapaa, litapinduka, na kila mtu ataona.

Usiku ule ulikuwa wa giza. Kaka alilala mapema, kanzu ya kulalia imempanda mpaka magotini, na kigari kilikuwa chini ya kitanda chake, juu ya gazeti. Nilikivuta kwa gazeti lake ili kisikwaruze sakafu. Nikaweka tadoba kwenye kigae, mbali na pazia. Mpaka hapo nilikuwa mwizi wa kawaida.

Lakini nilipoitoa shokapu ya kwanza nikaishika mkononi, ndogo, haizidi kidole changu cha kati, jambo fulani likanibadilika. Sijui niliiteje. Nilifungua kifuniko polepole nikiwa nimeubana uzi wa nati kwa kucha ili usipotee. Nikamwaga ile oili ya cherehani kwenye kitambaa, nikafuta ndani kwa ncha ya kijiti iliyofungwa pamba. Pistoni ilikuwa na uchafu mweusi kwenye vitundu vyake, na kaka hakuwahi kuugusa. Nikautoa kwa sindano ya mama. Kitundu kimoja, kingine. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kidole, nikadondosha 90 tone kwa tone. Ilishuka kwa uvivu, ikijikunja yenyewe kama uzi unaolala juu ya uzi. Ikajaa hadi ukingo.

Nikavuta fimbo ya pistoni chini, taratibu. Povu likapanda. Nikangoja. Kwenye oili nzito povu halina haraka: linatoka chini kama punje ya mtama, linasimama katikati, linafikiri, linapanda tena. Nilikuwa nimeinama mpaka nywele zangu zinanuka moshi wa tadoba. Nikavuta tena, nikangoja tena. Mpaka leo sijapata kueleza kwa nini mtu anayetaka kuharibu kitu anangoja povu la mwisho litoke. Nondo alikuja akazunguka moto, kivuli chake kikawa kikubwa ukutani kama popo, na kaka akajigeuza.

"Zima taa."

"Nasoma," nilisema.

"Soma kesho."

Nikafunga ile ya pili nikiwa gizani, kwa kupapasa. Nikaikandamiza kwa kidole gumba. Haikuwa gogo. Ilishuka kwa heshima na ikarudi kwa heshima. Nilidhani labda oili haijakaa sawa, asubuhi itakuwa imeganda. Nikanawa kwa sabuni ya kipande, kisha kwa majivu, kisha kwa Omo. Wapi. Nililala mikono nimeificha mapajani, na asubuhi nilikunywa chai kwa kushika kikombe kwa leso. Mama akauliza kama nina homa.

Ya mbio nitayapitisha haraka, kwa sababu nusu yake sikuiona, nilikuwa nimefumba macho. Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja wa maramu uliokuwa umemwagwa na haujasawazishwa, tairi kuukuu za lori zikiwa kona. Kwanza kulikuwa na ubishi wa masafa: zote zilikuwa rimoti za megahezi 27, na mbili zilikuwa na kristali (kile kipande kinachochagua masafa) za rangi moja, ukigeuza hili lile linageuka. Mmoja wa wale vijana wa mjini akatoa kristali ya akiba, akabadilisha. Watu waungwana wale. Gari lake lilikuwa zuri kuliko letu kwa kila kitu.

Upande wa mbali kulikuwa na tuta, na baada ya tuta makunyanzi, yale yanayotokea barabara ikipitiwa sana na malori. Gari la kwanza likaruka, likatua, likadunda, likakaa ubavu. La pili likapunguza mwendo. La kwetu likaja moto wote. Hapo ndipo nilipofumba.

Sikusikia kelele niliyoingoja. Nikafumbua. Kigari kilikuwa kimetua na kukaa, kama paka aliyerushwa kutoka dirishani, kikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuma kilishuka mara moja, kikainuka mara moja, basi. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Kwenye makunyanzi tairi zile za nanasi hazikuachia ardhi hata kidogo, na vumbi jekundu lilikuwa linatoka nyuma moja kwa moja, limenyooka kama mkia wa ng'ombe anayekimbia mvua. Kaka alishinda kwa nusu mzunguko. Akatupa rimoti kwa rafiki yake, akaja mbio akaninyanyua juu, mimi, msaidizi wa mswaki.

"Risasi za Masese!" alikuwa anapiga kelele. "Umeona? Uzito mbele! Niliwaambia!"

Nilikunywa soda tatu. Nilitapika mbili.

Miaka mingi baadaye, nilipopata intaneti na muda wa kupoteza, nilisoma kwamba oili za shokapu za vigari hivi huuzwa kwa namba, 200, 300, 400 na kuendelea, na watu hubishana usiku kucha ipi inafaa kwa udongo gani. Nikatafuta uzito wa 90 kwenye joto la alasiri kama ile ya kwetu. Iko karibu na namba hizo hizo. Hujuma yangu ilikuwa dawa, na nilikuwa nimeitia kwa uangalifu ambao kaka, kwa haraka zake, asingekuwa nao. Sasa sijui nijihesabu vipi. Nia ilikuwa mbaya, kazi ilikuwa safi. Sheikh wetu wa zamani angesema matendo huhesabiwa kwa nia, na hapo kesi yangu imekwisha. Lakini kreti lilinyweka.

Kaka yuko Mbale sasa, mnamjua, yule wa duka la vipuri. Kila Idi, tukishashiba, huwakusanya watoto na kuwasimulia zile risasi nne. Kila mwaka kigari kinaruka juu zaidi. Mwaka jana kilikuwa kimepita juu ya bodaboda. Mimi husema, "Naam, kweli kabisa, uzito mbele."

Nimebakiwa na kipande kimoja ambacho sijawahi kumweleza mtu. Kama wiki tatu baada ya mbio, shokapu zilikwama. Vile vimpira vya kuzuia oili vilikuwa vya silikoni, havipatani na oili ya gari, vikavimba vikaibana fimbo ya pistoni isitoke wala isiingie. Kaka alikaa kizingitini jua likizama, akafungua moja. Oili ikamtiririka kidoleni, nzito, rangi ya asali. Alikitazama kidole. Akakipeleka puani. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika mswaki, kwa muda ambao kwa mtoto wa miaka 12 ulikuwa mrefu mno.

"Oili ya cherehani," alisema mwishowe, "ikizeeka inanuka."

Akajifuta kwenye suruali, akaingia ndani. Kesho yake akanipa rimoti, hakusema kwa nini, na sikuuliza.

"Mzee!" fundi alikuwa amejitoa chini ya gari, uso mweusi, ameshika chupa mbili. "Nakuuliza mara ya tatu. 90 au 140?"

"90," nilimwambia. "Na uimimine polepole."