Mayai ya bibi

Leo kanisani ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada tukabaki nje kwa mnada, kama kawaida: ndizi, mahindi, kuku.

Wenye bahasha nono walisomwa majina na kupigiwa makofi. Sawa, Mungu awabariki.

Kisha mzee wa kanisa akainua kikapu cha mayai, kila yai limeviringishwa kipande cha gazeti. Jina hakutaja. Nilijua ni ya bibi jirani yetu, mwenye matetea wawili tu.

Kijana wa bodaboda akapandisha bei hadi elfu ishirini, akalipa, akamrudishia bibi kikapu: "Bibi, haya ukale wewe."

Bibi akakataa katakata.
"Nimeshampa Mungu, mjukuu wangu. Nadini tena."

Yakanadiwa tena. Nilishindwa kuzuia machozi.

Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina, akamwona mjane mwenye senti mbili (Marko 12). Yakobo naye alikemea wazi kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule. Halafu bado tunahubiriwa kwamba umaskini ni laana! Inaniuma sana.

Wapendwa, kanisani kwenu sadaka ya mnyonge hutangazwaje?