Nilivyojaza maneno ya Kiingereza kichwani kwa boksi la biskuti, ghalani Mtwara

Bado nasikia watu wanaambiwa "shika kamusi, kariri maneno kumi kila siku, mwaka ukiisha unaongea kama Mwingereza." Huo ushauri umenipotezea muda na nguvu, na naumia nikiona vijana wa hapa Mtwara wanaupewa tena, ndo maana naandika.

Mi ni karani kwenye ghala la korosho, kwetu Lindi ila kazi iko hapa. Nimesoma shule ya kata, cheti ninacho, Kiingereza cha mtihani nilipita nacho. Sasa msimu ukianza, kuanzia Oktoba hivi, makaratasi yote yanageuka Kiingereza: ripoti ya unyevu, mizani, imeili za wanunuzi wa India na Vietnam, mambo ya kontena na meli. Mkaguzi wa mnunuzi akija anakata sampuli, anahesabu punje kwenye kilo, anapiga hesabu ya auti-tani, yaani paundi ngapi za kiini zinatoka kwenye gunia la kilo 80, hiyo kazi naijua vizuri sana, ila akifungua mdomo ilibidi niite kijana wa ofisini anisemee, na kijana mwenyewe hajui korosho. Inauma.

Nikaenda tuisheni ya jioni, nililipa kama laki na kitu. Mwalimu akasema anza na herufi A, kila neno liandike mara ishirini. Nikafanya kwa moyo wote. Yakaja "abacus", "abattoir", "abbey", "abbot", halafu "abdicate", "abduct", "abide", "abolish" yote wiki moja, yanafanana mwanzo, kila nikilitafuta moja linakuja jingine. Ikifika Jumamosi, yale ya Jumatatu sikumbuki hata moja, wakati huohuo kazini sijui "delay", sijui "shortage", sijui "although". Na hebu fikiria, kamusi kubwa ya Oxford ina maneno zaidi ya 500,000, wewe utafika lini Z? Mwingereza mwenyewe hayajui yote.

Kilichonifungua macho ni kusoma kwamba maneno hayalingani uzito. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza, Michael West, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika sana, na hayo peke yake yanabeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Elfu mbili tu! Hiyo inawezekana kwa mtu mwenye kazi na watoto. Kwahiyo nikaamua kila neno jipya lazima litoke sehemu mbili tu, ama kwenye orodha ya namna hiyo (zipo bure mtandaoni), ama kwenye karatasi iliyopita mezani kwangu siku hiyo. "Abbot" akaendelea na maisha yake.

La pili ni kusahau. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kitu ulichokariri kinapotea haraka sana masaa ya mwanzo, kisha kasi inapungua. Yaani kuandika neno mara ishirini usiku mmoja ni bure, bora ulikumbuke kesho, halafu keshokutwa, halafu wiki ijayo, kila mara pale linapotaka kuponyoka. Na kukumbuka sio kulisoma tena, ni kufunika jibu ulitafute kichwani mpaka litoke. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972 akaeleza namna ya kufanya hivyo kwa boksi lenye vyumba, na hapo ndo nilipopata mchezo wangu.

Nilichukua boksi la biskuti dukani, bure, nikaligawa vyumba vitano kwa vipande vya boksi. Manila kadi nilinunua chache, bei ndogo tu, nikakata kadi za ukubwa wa karata. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, hiki unakipitia kila siku. Ukipata inahamia cha pili, unakigusa baada ya siku mbili tatu, cha tatu kwa wiki, cha nne kwa wiki mbili, cha tano kwa mwezi. Ukikosa, hata kama kadi imefika chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila kuonewa huruma.

Mbele ya kadi sikuandika neno, niliandika sentensi ya Kiswahili ya kazini, mfano "Lori hili lina upungufu wa magunia sita." Nyuma sentensi nzima ya Kiingereza yenye "shortage" limepigwa mstari. Hii ni muhimu mno jamani, neno likikaa peke yake utalijua na hutaweza kulitumia. Ukijifunza "invoice" jifunze pamoja na "issue an invoice", ukijifunza "deadline" chukua na "meet the deadline", maana hakuna atakayekuambia baadaye kwamba zinatembea pamoja. Na familia yake weka hapohapo: "weigh", "weight", "weighbridge", kadi moja unavuna matatu.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Tatizo la kusoma peke yako ni kwamba unajidanganya, unageuza kadi unasema "aa hili nilikua nalijua" unahamisha. Nilihitaji mtu wa kunishika, na ghalani wabebaji na mama wa uji pale getini Kiingereza hawajui. Nikawaza, sisi tahajia yetu inasomwa kama ilivyoandikwa, na zaidi ya hapo Kiswahili kina "th" ya thamani na "dh" ya dhahabu, sauti zilezile Waingereza wanazotumia. Kwahiyo kule nyuma, chini ya kila sentensi ya Kiingereza, nikaandika inavyotamkwa, kwa herufi zetu: "although" nikaandika oldho, "through" nikaandika thru, "moisture" moischa, "delay" dilei. Kuanzia hapo mtu yeyote anayejua kusoma Kiswahili anaweza kuwa mwalimu wangu! Anasoma mbele kwa Kiswahili, mi natamka, yeye anafuata kwa macho kule nyuma kama sauti zinalingana.

Mama wa uji ndo alikua mkali kuliko wote. Nikifika asubuhi kabla sijapewa kikombe ananyoosha mkono, "Lete kadi, mwanangu." Nikisitasita tu, "Hapana mwanangu, hiyo rudisha mwanzo." Namwambia mama nimekaribia, ananijibu "Kukaribia sio kufika, nataka kama ilivyoandikwa." Wabebaji nao wakanogewa, lori likichelewa wanakaa juu ya magunia wanaita "dada karani, njoo huku tukuulize." Mmoja wao sasa hivi anasoma lebo za salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa Kiingereza mwenyewe, alizishika kwa kunisikiliza mimi tu. Hakuna tuisheni iliyowahi kunipa kitu kama hicho.

Idadi: maneno mapya matano kwa siku, saba yakizidi sana. Watu wanapenda kumi, ishirini, wanasahau kwamba kila neno jipya linadai marudio wiki nzima na mwezi mzima mbele, ndani ya muda mfupi boksi linakushinda unaacha. Siku ya mizigo mingi usiweke jipya hata moja, pitia ya zamani tu.

Msimu ukiisha ghala linapoa, hapo nikaongeza kusoma, ila vitu ambavyo habari yake tayari naijua. Mimi wa Lindi, nikaanza na mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, ile mifupa Wajerumani waliyochimba kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, wapagazi wetu wakiibeba mpaka bandari ya Lindi. Kisa nimekisikia toka mdogo, kwahiyo nikikutana na "excavate" au "skeleton" nakisia maana kabla ya kufungua kamusi, na neno ulilolikisia mwenyewe haling'oki.

Msimu uliofuata nilimpokea mkaguzi mwenyewe, tukabishana unyevu wa shehena mpaka akakubali tupime upya, kwa Kiingereza, kijana wa ofisini yuko mezani kwake. Nilifurahi mno siku hiyo.

Wanaoniuliza kuhusu simu: Anki, programu ya kadi za kukariri, inafanya kazi ileile ya vyumba, kwenye Android na kompyuta ni bure, na unaweza kuitumia bila bando ukishaipakua. Ni nzuri kwenye daladala. Ila simu haikubishii, hivyo kama unaweza kuwa na vyote viwili, tengeneza na boksi, na hakikisha nyuma ya kadi umeandika matamshi kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwa sababu anayekuuliza anaweza kuwa amesahau miwani nyumbani.