Vioo laki tatu na swali la vyoo

Jumatano, saa tano usiku.

Kikao cha kamati ya harusi kimeisha na bado hatujaelewana kuhusu maturubai. Wageni mia tatu tu! Usingizi umegoma, basi nimelala chali na simu, nasoma habari za Maonyesho Makubwa ya London ya 1851, yale ya bidhaa na mashine za dunia nzima, ndani ya jengo la vioo pale bustani ya Hyde Park.

Kamati yao nayo ilianza kwa kuhangaika, nikafarijika. Waliitisha shindano la michoro ya jengo, ikaja 245, hawakuchukua hata mmoja. Wakabuni wao la matofali, wakasemwa vibaya mji mzima. Aliyewaokoa ni mtunza bustani, Joseph Paxton, aliyezoea kujenga nyumba za vioo za kuoteshea mimea. Mchoro wake wa kwanza aliuchora kikaoni, kwenye karatasi ya kukaushia wino. Mimi vikaoni nachora maua.

Jengo lilipita mita 560 kwa urefu, na miti mikubwa ya bustani ikaachwa humo humo ndani. Lakini mimi nimependa zaidi ujanja wa kurudia kitu kimoja: vioo kama 300,000, vingi vyavyo vya kipimo kilekile. Mafundi walipanda vigari vilivyotembea juu ya mifereji ya paa, wakawa wanapachika huku wanasogea. Nguzo za chuma zilikuwa na uwazi ndani, maji ya mvua yakashukia humo. Watu walipotilia shaka sakafu za juu, wakaletwa askari wazikanyage kwa kishindo. Kazi ilianza katikati ya 1850, na tarehe 1 Mei 1851 milango ikafunguliwa.

Mwanzoni kiingilio kilikuwa cha wenye nazo. Mwishoni mwa Mei zikaja siku za shilingi moja (naam, jina la shilingi yetu limetoka huko), treni zikaanza kumwaga watu wa viwandani na vijijini. Hadi wanafunga Oktoba, mahudhurio yalikuwa yamepita milioni 6.

Sehemu niliyoisoma mara mbili ni ya vyoo. Fundi bomba George Jennings aliweka vyoo vya kuvuta maji, na waliolipa peni moja kuvitumia walikuwa 827,280. Yaani kuna mtu alikaa akahesabu! Kwenye harusi ya dada yangu mwaka juzi tulikuwa na choo kimoja, na foleni yake ilipita mbele ya meza ya maharusi.

Nimeshindwa kuvumilia. Nimeandika kwenye kundi la kamati: "Samahanini ndugu wajumbe, ya maturubai tuyaache hadi kesho. Vyoo vitakuwa vingapi?"

Mwenyekiti ameshasoma. Hajajibu.