Maji ya Rangi ya Chai

Sufuria ya wali ya Bibi ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Mwaka 2016 nilikwenda Pangani kumjulia hali, na jioni nikateremka hadi mdomoni mwa mto, upande huu wa kivuko cha Bweni. Mto ukijaa huleta kila kitu pale: makuti, vifuu, mizizi ya miti iliyong'oka huko bara. Nikaokota kigogo kimoja kilichojikunja kama kiwiko cha mtu, maganda yamekwisha kutoka, kizito kuliko kilivyoonekana. Usiku, Bibi akiwa kwenye sala, nikakichemsha.

"Umepika nini humu?" aliniuliza asubuhi. Aluminiamu ilikuwa imeshika wekundu wa kahawia mpaka nusu. Nilisugua kwa mchanga na majivu hadi vidole vikauma, rangi ikabaki palepale.

Kigogo kilikuwa cha samaki wangu, beta dume, buluu iliyokolea, mapezi marefu yanayoburuta kama shela. Nilimnunua Dar es Salaam akiwa kwenye gilasi ya plastiki, nikampakata kwenye basi mpaka Tanga. Dukani waliniambia hahitaji kitu, maji safi tu. Wanasema hivyo kwa sababu beta anaweza kupanda juu na kuvuta hewa kwa mdomo, kwa hiyo hafi haraka kwenye gilasi. Lakini asili yake ni vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand, ambako majani huozea majini na maji hayawi meupe. Wangu alikuwa anashinda kwenye kona ya kioo, mapezi ameyabana, na ncha zake zimeanza kuchanika.

Kigogo nilikiloweka nyumbani kwenye ndoo kwa wiki tatu, maana mti uliokaa mdomoni mwa mto umekunywa chumvi. Kila nilipobadilisha maji niliyaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi iliisha wiki ya pili. Rangi haikuisha kamwe. Ni tanini, ileile inayokukausha ulimi ukila bibo. Hata baada ya wiki tatu kigogo kilielea, ikabidi nikifunge kwenye jiwe kwa uzi wa nailoni. Kisha kikaota utando mweupe kama kamasi. Niliogopa bure, ulikwisha wenyewe.

Nikaongeza majani makavu ya mkungu wa uani (mkungu wa kungu, si wa ndizi), mawili kwa tangi la lita 20. Maji yakawa chai ya rangi kabisa. Nilikuwa nimesoma kwamba tanini huongeza asidi, nikapima kwa vikaratasi: 8 kabla, 8 baada. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, kama sehemu kubwa ya Tanga. Waliofika mapango ya Amboni wanayajua mawe hayo. Chokaa ilimeza asidi yote. Hata hivyo samaki alibadilika. Mwanga ulipungua, akapata pa kujificha na pa kujilaza karibu na juu, na siku ya tano nikaona povu dogodogo limeshikana pembeni mwa kigogo. Ndivyo dume anavyotengeneza kiota.

Ndipo ikaja siku ya posa ya dada yangu.

Nilirudi kazini saa kumi na moja. Sebule inanukia udi, vitambaa vipya kwenye makochi, na tangi linang'aa kama dirisha la duka. Mdogo wangu alikuwa amemwaga maji yote, akasugua kioo na kigogo kwa sabuni, akajaza maji ya bomba.

"Mama ndiye kasema," aliniwahi.

"Ndiyo, nimesema mimi," Mama akaitikia kutoka jikoni. "Wakwe waje wakute maji ya mtaro sebuleni kwangu?"

Samaki alikuwa amelala ubavu chini, rangi imempauka, matamvua yanakwenda mbio. Dawa ya maji ya bomba na sabuni kwa pamoja! Bahati nilikuwa na ndoo mbili za maji ya kisima uani, zimelazwa na majani ya mkungu kwa ajili ya kubadilisha Jumamosi. Nikamhamishia kwenye bakuli la maji yake ya bomba, nikaanza kumwongezea maji ya ndoo kidogo kidogo, kikombe cha kahawa kila dakika chache, ili asishtuke mara ya pili. Katikati ya kazi hiyo wageni wakabisha hodi.

Kwa hiyo dada yangu aliposwa nikiwa nimechuchumaa kwenye kona na kikombe mkononi. Mshenga alijitahidi kutotazama. Mwishowe akashindwa.

"Kijana, samaki huyo mnamnywesha chai?"

Nilifungua mdomo, Bibi akanitangulia. Tangu afike mchana alikuwa hajanisemesha, kwa ajili ya sufuria.

"Si chai. Ni kama maji ya mkandaa. Baba yangu akichemsha maganda yake, akiloweka nyavu za pamba zisioze. Nailoni ilikuwa haijaja." Akainama juu ya bakuli, akatazama muda mrefu. "Wavu hauozi. Na pezi je?"

Nikamwambia halitaoza upesi, ndiyo maana yake.

"Basi ungesema hivyo Pangani, badala ya kunificha."

Saa mbili usiku, posa imekwisha kukubaliwa, samaki alipanda juu akavuta hewa, akarudi chini akiwa wima. Mapezi yalichukua mwezi na zaidi kujaza. Kigogo nilikiloweka upya, maana mti uliokunywa sabuni ni mbaya kuliko uliokunywa chumvi.

Sufuria ile Bibi hakuipikia tena wali. Anachemshia ukili wa mikeka, ule wa rangi.