Siku moja na viwavi wangu, Msabaha

Saa kumi na mbili asubuhi naingia bandani kabla ya chai. Umande ungali kwenye majani, na hiyo ndiyo saa ya kukata matawi ya mlimau. Jani la mchana limesinyaa, kiwavi hulitafuna kwa shida.

Ninafuga vipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Viwavi wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, wakikua wanakuwa kijani. Ukimshtua mmoja, anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mimi nikiziona huwa najua nimemkosea. Kwa hiyo simbandui kiwavi kwa vidole. Nasogeza mche mpya hadi majani yagusane, ahame mwenyewe. Aliyetulia tuli anakaribia kujivua gamba. Huyo simgusi kabisa.

Haraka sina tena. Mwezi uliopita nilibananisha viwavi wengi kwenye mche mmoja, nikaenda matangani Malindi mjini siku mbili. Walimaliza majani, wakazurura kwenye neti wakitafuta chakula, kisha ugonjwa ukaingia. Kiwavi analegea, ananing'inia kichwa chini, anageuka majimaji meusi. Kizimba kizima kilikwisha. Hasara iliniuma, lakini ile njaa yao ya siku mbili ndiyo iliyoninyima usingizi.

Saa nne naangalia majimoto, wale sisimizi wakali. Miguu ya meza inasimama ndani ya makopo ya maji yenye oili chafu. Jani moja likianguka likawa daraja, sisimizi hao wanavuka na kuwala viwavi wakiwa hai.

Saa sita jua kali. Magunia yaliyoloweshwa juu ya paa, basi.

Saa nane napeleka pupa, yaani viwavi waliojifunga wakigeuka vipepeo, hadi Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 ili sisi wa kando ya msitu tupate riziki bila kuukata. Nachukua waliokauka ngozi tu. Pupa aliyevunwa akiwa laini hubonyea, na kipepeo wake akitoka mbawa hazinyooki. Nawalaza kwenye pamba, na kwenye matatu kikapu nakipakata. Safari yao ni ndefu: wanapanda ndege hadi nyumba za maonyesho ng'ambo, na wakichelewa wanageuka vipepeo wangali ndani ya sanduku.

Mzee mmoja kituoni aliniambia, "Mwanangu, mdudu hana uchungu, unajisumbua."

"Baba, pweza pia tulisema hivyo," nikamjibu. Uingereza mwaka 2022 iliwaingiza pweza na kaa kwenye sheria ya wanyama wenye hisia. Wadudu hawamo, na wataalamu bado wanabishana juu yao. Mimi sitangoja wamalize ndipo niwape viwavi nafasi na majani.

Saa kumi na moja nawaachia vipepeo majike wawili niliowanasa msituni. Wameshataga, mbawa zimechakaa. Siku walizobakiwa nazo wazimalizie kwenye maua.

Saa moja usiku, tochi mkononi. Viwavi watatu wamelegea. Nawaponda kwa jiwe, pigo moja kila mmoja, nawazika mbali na banda. Kumwacha aoze angali hai siwezi. Mche wa mwisho umebaki majani mawili. Asubuhi ni mbali. Nachukua panga, naurudia mlimau.